Theluji hatuna, korongo tunalo: siku za mvua shule zifungwe au zisifungwe?

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Minnesota kule Marekani, na ikishafika Januari ananitumia voisi noti za kunitambia. Kwao saa tatu usiku, huku kwetu saa kumi na mbili asubuhi, "we mdogo wangu umeamka? sisi kesho hatuendi popote, shule imetuma meseji, theluji," alafu anacheka. Mi huku Dodoma niko nahangaika kumvalisha mtoto soksi, nje mvua imepiga usiku kucha, na meseji pekee niliyopata ni ya kampuni ya simu inaniambia nikope bando.

Nikiwasimulia watu hii habari hapa mtaani wanasema Wazungu wanadeka. Sio kudeka jamani. Theluji yenyewe wanaijua tangu wadogo, wana magari ya kuikwangua barabarani, wana malori ya kumwaga chumvi. Shida ni barafu. Chumvi inafanya maji yasigande haraka, ndo maana wanaimwaga, lakini baridi ikishuka sana, ikafika nyuzi 9 chini ya sifuri na kuendelea, chumvi ya kawaida inaanza kusuasua. Alafu kuna ile barafu nyembamba ambayo huioni kabisa, lami inaonekana imelowa tu kama imenyeshewa, kumbe ni kioo. Sasa weka basi la shule hapo, limejaa watoto, dereva anakanyaga breki na gari linaendelea na safari zake.

Kilichonivutia mimi lakini sio barafu, ni jinsi wanavyoamua. Nilidhani ni agizo la serikali kuu, waziri anasimama kwenye TV anatangaza. Dada akaniambia wala, anayeamua ni bosi wa elimu wa wilaya yao ya shule, na wilaya zao za shule nyingine ni ndogo tu, na kabla ya kuamua kuna watu wanaingia barabarani alfajiri na mapema kuangalia hali ilivyo, mpaka kwenye saa kumi na moja hivi mzazi ashapata jibu. Gavana kuingilia ni nadra. Imewahi kutokea kwao Minnesota, Januari 2014, gavana Mark Dayton alifunga shule zote za jimbo kwa ajili ya baridi kali, na watu wakaiongelea sana kwa sababu sio kawaida. Kingine, hawana kufunga na kufungua peke yake, kuna kitu cha katikati: shule inachelewa kuanza masaa mawili, basi linakuja saa nne badala ya saa mbili, barabara imeshasafishwa na jua limetoka. Hiki cha kuchelewesha nakiomba mkishike, nitakirudia.

Sasa tuje Dodoma.

Mtu asiye wa huku ukimwambia Dodoma ina shida ya maji ya mvua anakushangaa, anajua Dodoma ni vumbi, zabibu na Bunge. Na ni kweli mvua yetu ni ya kuhesabia, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima, na msimu ni mmoja tu, unaanza Novemba mwishoni au Disemba mpaka Aprili. Ila inavyokuja sasa! Haiji kidogo kidogo, inakuja kwa hasira mchana mmoja, ardhi ilishakuwa ngumu kwa miezi saba ya kiangazi, maji hayazami, yanateremka tu, na yakiteremka yanatafuta korongo. Korongo ambalo mwezi wa tisa unapita katikati yake na bodaboda, watu wanachimba mchanga humo, mbuzi wamelala, ndani ya nusu saa limejaa mpaka kingo. Na kitu kibaya zaidi, mvua inaweza kuwa imenyesha mbali huko milimani, wewe hapo ulipo jua linawaka, mtoto anavuka akiwa hana wasiwasi, maji yanamkuta katikati.

Alafu mji umekua. Sensa ya 2012 wilaya yetu hii ilikuwa na watu 410,956, sensa ya 2022 tukawa 765,179. Hao watu wote wamejenga, mabati kila mahali, lami, pevingi, kuta za fensi, na wengine wamejenga kwenye njia ya maji kabisa kwa sababu alipouziwa kiwanja ilikuwa Agosti na kila kitu kikavu. Sisi tunaokaa upande wa Nkuhungu tunajua, huku ni bondeni, maji ya wenzetu wa juu yanakuja kutusalimia. Tumekuwa jiji toka Aprili 2018, tunajengewa barabara ya mzunguko ya kilomita 112, nashukuru, sijakataa, ila mtoto wa darasa la pili bado anavuka korongo kwa miguu kwa sababu pale kalavati lilizolewa na mpaka leo hatujaona la kuziba pengo.

Na hebu angalia kalenda. Mwaka wa shule Tanzania unaanza Januari. Yaani darasa la kwanza, mtoto mdogo kuliko wote, mgeni wa njia, begi kubwa kuliko mgongo, anaanza shule katikati ya msimu wa mvua wa Dodoma. Sijui kama aliyepanga aliwaza hilo, nadhani alikuwa anawaza mitihani.

Msimu uliopita ilitokea hivi. Mchana kwenye saa saba mawingu yakajikusanya upande wa mashariki, meusi kabisa, upepo na vumbi, mnajua ule upepo unaotangulia mvua unaopeperusha mpaka mabati. Shuleni kwa mwanangu wakaona bora wawatoe watoto mapema wawahi nyumbani kabla mvua haijaanza. Nia nzuri kabisa, sina ugomvi nao. Ila piga hesabu mwenyewe: kutoka shule mpaka korongo ni mwendo wa mtoto wa dakika ishirini akiwa hachezi, na watoto wanacheza. Mvua ikawakuta njiani, wakafika korongo maji yanashuka yana rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi na ndala za watu. Mimi nilikuwa nimetoka kazini nimekimbia na bodaboda, nikafika ng'ambo ya pili. Nawaona. Kundi la watoto kama kumi na kitu, sweta za shule zimelowa, na wangu yumo, ananipungia mkono anacheka, hajui lolote. Nikawa napiga kelele "usivuke! usivuke!" na sauti haifiki, maji yanaunguruma, na yeye kuona mama yake anapiga kelele na kurusha mikono akadhani namwita. Akasogea.

Kijana mmoja wa wale wachimba mchanga ndo alimshika begi. Akawakusanya wote akawaingiza chini ya turubai lake wanapowekaga masepetu, wakakaa humo na wenzake wawili wakipiga stori mpaka saa moja jioni maji yalipopungua, akawavusha mmoja mmoja mgongoni, akikwepa yale mashimo ya mchanga ambayo yeye mwenyewe anayajua kwa sababu ndo kayachimba. Maana hilo nalo lipo: juu unaona maji ya magotini, chini kuna shimo la kumeza mtu mzima. Nilimpa hela ya soda akakataa, akasema "mama, sisi huku kila mvua ndo kazi yetu, walimu wakiwaachia tunawapokea."

Hiyo sentensi imenikaa. Kwamba kuna utaratibu, ila unaendeshwa na wachimba mchanga.

Nilivyomsimulia dada akaniambia nenda kasome habari ya Atlanta. Nikasoma. Tarehe 28 Januari 2014, mwezi uleule ambao Minnesota walifunga shule kabla, huko Atlanta, kusini ambako theluji ni kitu cha mara moja moja, asubuhi shule zilifunguliwa kama kawaida. Mchana theluji ikaanza, na wala haikuwa nyingi, hata sentimita kumi haikufika. Shule zikaachia watoto, ofisi zikaachia wafanyakazi, serikali ikaachia watu wake, wote saa zilezile, wakaingia barabarani kwa pamoja, magari yakakwama, barabara zikaganda, hata magari ya chumvi hayakuweza kupita kwa sababu ya foleni. Maelfu ya wanafunzi walilala shuleni usiku ule na wengine wakakwama ndani ya mabasi mpaka usiku. Sasa waliolala shuleni, kwenye sakafu ya ukumbi, walikuwa na joto, chakula na walimu wao. Walioteseka ni walioachiwa "wawahi".

Ndo maana nikiulizwa shule zifungwe au zisifungwe, najibu kwanza: mkishafungua, msiachie katikati ya mvua. Hapo ndo tofauti yetu na wenye theluji. Wao hatari yao inaamuliwa alfajiri, usiku umeganda, asubuhi unaangalia barabara unaamua. Sisi mara nyingi hatari yetu inakuja mchana na jioni, asubuhi anga ni bluu, unampeleka mtoto na kofia ya jua. Huwezi kufunga shule asubuhi kwa mvua ambayo bado haipo. Unachoweza ni kumbakiza mtoto. Shule ikae na watoto mpaka korongo lishuke, na makorongo ya Dodoma yana uzuri huo, yakijaa haraka yanashuka haraka, masaa mawili matatu yamebaki matope. Sio kama kule Bahi kwenye mbuga ambako maji yakikaa yamekaa na udongo ule mweusi unakunyang'anya kiatu.

Kubakiza watoto lakini kuna gharama, tusijifanye hatujui. Mtoto aliyekunywa uji saa nne, saa kumi na mbili jioni ana njaa. Madarasa mengine hayana umeme, giza likiingia ni giza. Na mwalimu naye ana watoto wake, ana korongo lake la kuvuka. Madamu mmoja aliniambia kabisa, "mama fulani, mnataka nibaki na wa kwenu, wa kwangu anabaki na nani?" na sikuwa na la kujibu, ana haki. Kwa hiyo inabidi iwe zamu, wazazi wawili watatu wanaokaa upande wa shule wanaingia zamu ya siku za mvua, na kwenye stoo ya shule kukae unga wa uji wa akiba na taa za sola mbili. Hivi ni vitu vya michango ya buku buku, havihitaji mfadhili.

Asubuhi sasa. Kuna siku imenyesha usiku kucha na korongo halijashuka, hapo ndo naiba kile kitu cha Minnesota: shule ianze saa nne. Mwalimu mkuu anajua makorongo ya watoto wake, au mwenyekiti wa mtaa anajua, mtu mmoja anaenda kuangalia saa kumi na moja, anatuma meseji. Kama saa nne bado maji yapo, basi, leo hamna shule, na iwe hamna shule kwa wote. Nasisitiza kwa wote, na najua hapa ndo tunagombana.

Maana kinachotokea sasa ni kwamba shule haijafungwa, ila nusu ya darasa haipo. Wa upande wa lami wamefika, wa ng'ambo ya korongo hawapo, mwalimu anafundisha kugawanya, wale wa ng'ambo wakirudi kesho kutwa kugawanya kumeisha, wenzao wako kwenye hesabu za sehemu, na kwenye daftari la mahudhurio wameandikwa hawapo sawasawa na mtoro aliyekwenda kuwinda ndege. Kuna mchumi mmoja anaitwa Joshua Goodman, wakati huo alikuwa Harvard, mwaka 2014 alitoa utafiti wa shule za jimbo la Massachusetts kuhusu haya mambo ya theluji. Akalinganisha siku ambazo shule nzima ilifungwa na siku ambazo shule iko wazi ila mwanafunzi mmoja mmoja anakosa. Kilichoshusha maksi, hasa za hisabati, ni kukosa kwa mmoja mmoja. Kufunga shule nzima hakukuonekana kushusha kitu. Ukifikiria inaeleweka: wote wakikosa, mwalimu anasogeza somo mbele na mambo yanaendelea, ila wakikosa kumi kati ya sitini, mwalimu achague, arudie na hamsini wachoke, au aendelee na kumi wapotee. Kwa madarasa yetu ya watu wengi hivi najua atachagua nini, na mngekuwa nyie mngechagua hivyohivyo.

Kwa hiyo anayesema "tusifunge, watoto watapoteza siku" asiseme kana kwamba sasa hivi hawapotezi. Wanapoteza, ila wanapoteza wa ng'ambo peke yao, na wa ng'ambo ndo wale wasio na tuisheni. Kalenda yetu ina siku 194 za masomo, wenzetu kule wanaacha siku kadhaa za akiba humo humo kwenye ratiba, wakifunga kwa theluji wanafidia mwishoni. Sisi tushindwe nini kufidia Jumamosi mbili za Mei, mvua ishakata na njia ni kavu?

Wazee wanasema sisi tulivuka. Mjomba wangu ndo wimbo wake, alivuka mto amebeba madaftari kichwani, leo ni mstaafu ana pensheni yake. Shikamoo mjomba, ila wanaosimulia ni waliovuka. Aprili 2024 kule Arusha, eneo la Muriet, basi la shule lilisombwa na maji ya korongo asubuhi watoto wakipelekwa shule, na watoto wakafa. Basi lile, sio mtoto wa miguu. Idara ya hali ya hewa ya Marekani inasema maji yanayokimbia ya sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 yanabeba gari dogo, sentimita 60 yanaondoka na magari mengi tu. Sentimita 15 ni nusu ya rula ya mtoto. Na hapahapa kwetu, mafuriko ya Disemba 2009 na Januari 2010 yaliizoa Reli ya Kati, kipande cha kutoka Kilosa mpaka Gulwe, chuma na kokoto zake, treni zikasimama kwa miezi. Sasa mjomba anavyosema mtoto akaze roho, roho inakazwaje hapo.

Ambacho sikitaki ni kufunga kwa tangazo la nchi nzima. Kenya mwaka huohuo wa 2024 waliahirisha kufungua muhula wa pili kwa mafuriko, kwanza wiki moja, alafu ikawa bila tarehe, mpaka katikati ya Mei, na aliyekaa mahali pakavu naye akakaa nyumbani. Nchi ina haki ya kufanya hivyo kukiwa na janga kubwa, sisi wenyewe tulifunga Machi 2020 mpaka Juni kwa korona. Lakini mvua ya Dodoma inaweza kunyesha Kizota, wenzao wa Ipagala hapahapa mjini wakaanika nguo. Ukimsubiri mkubwa wa mbali aamue, ama atachelewa ama atafunga mkoa mzima kwa korongo moja.

Na msiniambie habari za kusoma onlaini. New York waliacha mapumziko ya theluji wakasema watoto wasome kwa kompyuta nyumbani, tarehe 13 Februari 2024 theluji ikaja, watoto wakajaribu kuingia, mfumo ukagoma asubuhi ileile. New York hiyo. Mimi nyumbani simu janja ni moja na naondoka nayo kazini.

Kuna swali ambalo naliona gumu zaidi, la mzazi anayeondoka saa kumi na moja na nusu. Wafanyakazi wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, wanapanda gari giza bado, mama wa mbogamboga yuko soko la Sabasaba anasubiri mzigo, bodaboda yuko kijiweni. Meseji ya "shule saa nne" ikiingia saa kumi na mbili, mtoto anabaki na nani? Mtoto anayebaki peke yake nyumbani siku ya mvua ataenda wapi? Ataenda kuangalia korongo, mi nawajua. Hapo jibu langu ni nusu tu: shule iwe wazi kwa wanaoweza kufika bila kuvuka, mwalimu wa zamu awepo, ila somo jipya lisifundishwe mpaka saa nne au mpaka kesho. Wakae wasome vitabu, waimbe, wacheze, whatever, ila kugawanya kusubiri wa ng'ambo.

Na mwisho wa siku kuna njia ya kumaliza mjadala kabisa, nayo ni shule kuwa upande uleule wa mtoto. Serikali ilishafanya, kwenye zile hela za UVIKO, yaani za korona, mwaka 2021 yalijengwa madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya shule shikizi, zile shule ndogo za watoto wa madarasa ya chini walio mbali na shule mama. Tukipata shikizi ya vyumba viwili huku ng'ambo, darasa la kwanza mpaka la tatu hawavuki kitu. Wakifika la nne watavuka wakiwa na miguu mirefu kidogo, na labda kalavati litakuwa limerudi. Eneo lipo, kuna mzee ana uwanja wake ashasema yuko tayari kukaa mezani.

Nimeyaandika yote haya kwenye karatasi moja nikampelekea katibu wa kamati ya shule, kijana mstaarabu sana, akasoma mbele yangu akasema yana mantiki. Kikao cha wazazi ni Ijumaa. Ajenda zimeshatoka: moja michango ya uji, mbili mlinzi, tatu sare, nne mahafali. Korongo limewekwa kwenye mengineyo.